Mwaka Mzima Nilimwokea Pasti

Mlioniacha wiki iliyopita kwenye ofisi ya Bwana Pengelly, mhasibu wangu, mnakumbuka nilikuwa nimekaa na mkoba mapajani, nacheka peke yangu kama mtu aliyeokota pochi. Kicheko hicho sikukimaliza.

Kwa aliyekosa: naitwa Glenys, mtengeneza nywele wa Tregarra, mji mdogo wa pwani huku Australia Kusini. Mume wangu Clive tuliachana mwaka juzi. Katika mgawanyo, nyumba ilibaki kwangu, ila kwa sharti: nimlipe nusu yake kabla Julai ya mwaka huu haijaisha. Nikishindwa, inapigwa mnada. Na nyumba yenyewe ndimo nilimozaliwa, ya marehemu mama yangu. Sina mpango wa kufia kwingine.

Cha kuniokoa kilikuwa kibanda chetu cha ufukweni, nacho nilipewa mimi. Nikikiuza, napata hela ya Clive. Shida ni kodi. Tulikinunua zamani kwa bei ya karanga, leo watu wa mjini wanakigombania, na serikali inataka fungu lake kwenye faida. Nikilitoa fungu hilo lote, hela inayobaki haimfikii Clive.

Ndipo Pengelly akanipa mpango. Kila mwaka sheria inakuruhusu kuweka kiasi fulani kwenye mfuko wako wa uzeeni kwa kodi ndogo. Usipoweka, nafasi ile haifi siku hiyohiyo. Inakusubiri miaka mitano. Mimi tangu nifungue saluni sikuwa nimeweka hata senti. Kwa hiyo ningeingiza hela ya kibanda kwa mkupuo, nizibe nafasi zote, kodi ishuke. Na kwa kuwa nina miaka sitini na sita, umri ambao mfuko haunifungii tena mlango, ningezitoa nimlipe Clive. Halali kabisa.

Mnunuzi alishapatikana, kampuni fulani ya Adelaide, na bei yake ilikuwa ya kushangaza. Karatasi nilimwachia mdogo wangu Merle. Nilikuwa nakwenda kutolewa mtoto wa jicho, nikampa mamlaka ya kunisainia lolote la haraka. Nani mwingine ningempa?

Basi nilikuwa nacheka. Bwana Pengelly akavua miwani.

"Glenys, nani aliingiza hela kwenye mfuko wako mwaka jana, Juni inaisha?"

"Clive. Lile fungu la pensheni yake nililogawiwa."

"Si alikuwa na mwaka mzima wa kulileta?"

"Alikuwa nao. Akaleta mapema. Kwa hilo nampa haki yake."

Pengelly ni mtu mpole, wa kuongea chini kama yuko msibani. Siku hiyo alishusha sauti mpaka nikainama kumsikia.

"Nafasi za nyuma anaruhusiwa mtu ambaye mfuko wake uko chini ya nusu milioni siku mwaka wa kodi unapofungwa. Mwaka wetu unafungwa mwisho wa Juni. Wewe ulikuwa chini kwa mbali. Lile fungu la Clive likakurusha juu siku chache kabla ya kufunga. Angeleta wiki moja baadaye, leo ungekuwa na haki yako yote."

"Kwa hiyo sina?"

"Huna. Kosa ni langu. Hesabu nilizoshika zilikuwa za kabla ya fungu lile, nami sikukuuliza."

Nilitaka kumrukia, lakini nilijua hasira zangu zina mwenyewe, na si huyu.

Niwaambie kilichonitia kinyaa. Si hela. Ni pasti.

Clive alipoleta fungu lile mapema, mji mzima ulimsifu. Kanisani, sokoni, saluni kwangu, kila mwanamke chini ya mashine ya kukaushia alisema afadhali ya Clive, wanaume wengine wanasumbua mpaka kaburini. Nami mjinga nikaingia kichwa kichwa. Nikaanza kumwokea pasti kila Ijumaa kama shukrani. Nyama, viazi, tanipu na kitunguu, nafunga kwenye unga, nachoma tanuri. Sisi wa Tregarra ni wajukuu wa wachimba shaba, na pasti zetu huwa na jina. Unabana herufi ya mlaji kwenye pembe moja, naye anaanza kula upande wa pili, ili akibakiza, kipande kibaki na jina lake, asije mwenzake akakichukua.

Herufi ya Clive niliibana kwa vidole vyangu hivi, Ijumaa baada ya Ijumaa. Mtu amenitia mchanga kwenye kitumbua, nami nampelekea kingine kikiwa cha moto. Hata asubuhi ya siku ile nilikuwa nimemwachia moja mlangoni, nimeifunika na kitambaa isipoe. Nilipoikumbuka mate yakanijaa mdomoni, na si ya hamu.

"Glenys, sikiliza," Pengelly akasema. "Mkataba wa kibanda umesainiwa?"

"Bado. Jumatatu."

"Una hakika?"

"Si mimi ndiye muuzaji?"

Ndipo nikamwona akitabasamu.

"Basi usisaini. Kodi inahesabu siku ya kusaini, haihesabu siku ya kupokea hela. Subiri mwezi ugeuke, saini tarehe mosi Julai, mwaka mpya wa kodi. Na leo hii piga simu kwenye mfuko wako, toa hela za kutosha mpaka Juni ikifungwa uwe chini ya nusu milioni. Umri unakuruhusu. Mwaka mpya utaanza ukiwa na haki yako mkononi. Nafasi ya mwaka ule wa zamani kabisa itakufa, ila nyingine zitabaki, na ya mwaka mpya utaongeza juu yake. Zinatosha."

"Na Clive?"

"Mnunuzi akilipa ndani ya Julai, utamlipa Clive kwa wakati."

"Yaani mlango alioufunga unafunguka?"

"Mnunuzi akikubali kungoja siku hizo chache."

Nikampigia simu mtu wa mfuko mbele ya Pengelly. Hela zitatoka, akasema, kabla ya mwezi kuisha. Nikambusu mhasibu wangu kwenye upara, akawa mwekundu mpaka masikioni.

Mtu mwenye akili angekwenda nyumbani akanyamaza. Mimi nilikwenda baa.

Ijumaa jioni baa ya Tregarra huchezesha bahati nasibu ya nyama, tiketi ikishinda unaondoka na sinia zima, na muuza tiketi ni Clive. Nilimkuta amesimama karibu na meko, amevaa ile sweta niliyomfumia mimi, sinia la chopsi za kondoo mbele yake, anataniana na wakulima wa shayiri.

"Glen," akaniita. Peke yake ndiye anayeniita hivyo. "Njoo nikuuzie ya ushindi."

"Nimetoka kwa Pengelly."

"Mzee hajambo?"

"Hajambo. Kanifundisha kitu kuhusu mwezi wa Juni."

Hakushtuka. Angeshtuka ningemsamehe nusu. Alichana tiketi ya mkulima mmoja, akamrudishia chenji, akamtakia bahati njema, ndipo akanigeukia.

"Nililipa mapema, Glen. Siku hizi kulipa mapema ni kosa?"

"Ulijua."

"Najua nini mimi? Mzee wa watu, nauza chopsi."

"Ulijua mfuko ukivuka nusu milioni napoteza nafasi zangu."

"Basi nipeleke polisi," akasema, na wale wakulima wakacheka bila kujua wanachocheka. "Waambie mume wako wa zamani amekupa hela nyingi mno, tena haraka mno. Uone kama watapata kalamu ya kuandikia."

Nikamwangalia vile vidole vyake vyenye mafuta ya nyama vikichana tiketi, nikafikiri: vidole hivi nimevishika miaka thelathini. Nilitamani kunawa.

"Nyumba ya mama yangu hutaipata, Clive."

"Nani kataja nyumba? Ila kukiwa na mnada, mnada ni wa wote." Kisha akainama kidogo, kwa sauti ile aliyokuwa akinibembelezea nayo zamani. "Pole kwa miaka yako mitano. Ulikuwa mpango mzuri. Kuziba yote kwa mkupuo, halafu kuzitoa tena, unilipe kwa hela ya serikali. Nilicheka niliposikia."

Akarudi kwenye tiketi zake.

Nikatoka nje. Baridi ya Juni ikanipiga usoni, na ndipo maneno yake yakanifika sawasawa. Kuziba yote kwa mkupuo, halafu kuzitoa tena. Maneno hayo hayakuwa ya Clive. Yalikuwa yangu. Niliyasema mara moja, mwaka jana, jikoni, natengeneza chai, kumwambia mtu mmoja tu.

Nilimwambia Merle.

Nikajikemea njiani. Mdogo wangu wa tumbo moja. Aliyenishika mkono hospitali mpaka daktari akamwambia atoke. Labda Clive alisikia kwa mwingine. Labda Merle aliropoka tu, maana mdomo wake haujawahi kuwa na kufuli. Nilikuwa namtafutia sababu huku naendesha gari kwenda kwake.

Alifungua mlango akiwa na aproni.

"Dada, umekuwaje? Ingia, baridi hii. Jicho linauma?"

"Jicho ni zima. Linaona vizuri kuliko zamani."

"Kaa, birika liko motoni."

Nikakaa. Jikoni kwa Merle kunanukia mbwa siku zote. Ana mbwa mnene anayeitwa Biskuti, hana kazi ila kula. Alikuwa kwenye kona yake, anaguguna kitu kwenye bakuli. Nikamtazama bila kufikiri, kama unavyotazama mbwa.

Alikuwa anaguguna pembe ya pasti. Akaisukuma kwa pua, ikageuka. Herufi ya Clive ilikuwa juu yake, nilivyoibana mimi alfajiri ile, na mkunjo wake mdogo wa mwisho ambao hakuna mwingine mjini anayeuweka.

Merle akaona ninachotazama. Mkono wake ukasimama kwenye kopo la sukari.

"Alikula hapa," nikasema.

"Alipita tu. Alileta kuni."

"Akaja na pasti yangu, akaila kwenye meza hii, akabakiza pembe, ukampa mbwa."

"Dada, usinitazame hivyo."

"Mwaka jana ulimwambia Clive mpango wangu. Ndiyo au siyo?"

Alikaa, akajifuta mikono kwenye aproni, na alipoinua uso haukuwa uso wa mtu mwenye aibu. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Ndiyo," akasema. "Na wewe na Clive mlipoinunua nyumba ya mama kwa bei ya kuku, mimi niko Perth nalea mtoto mgonjwa, nani aliniambia? Nilikuja msibani nikakuta mmeshabadilisha mapazia."

"Mama mwenyewe ndiye aliyetaka."

"Mama alitaka dawa na mtu wa kumuogesha. Nyumba mliitaka ninyi."

"Kwa hiyo ukaniuza."

"Clive kasema ikienda mnadani atainunua, nusu iandikwe jina langu. Nusu yangu, dada. Ningepaswa kuwa nayo tangu zamani."

Kulikuwa na ukweli ndani yake, sikatai, na siku nyingine tungelia wote wawili tukamaliza. Lakini kusubiri mwaka mzima, kuninywesha chai, kunishika mkono hospitali, huku unajua? Nilimtazama mdogo wangu nikaona kinyaa kama cha mtu aliyeuma tunda akakuta nusu ya funza.

Nikasimama. Nilitaka kumchoma pale pale.

"Basi mmekula hasara. Pengelly kapata njia. Mkataba hausainiwi mpaka Julai, na nafasi zangu zinarudi. Mwambie rafiki yako."

Nilingoja uso umshuke. Haukushuka. Aliangalia chini, akaanza kuzungusha kijiko kwenye kikombe kisicho na kitu.

"Merle?"

"Ulinipa mamlaka ya kusaini lolote la haraka," akasema polepole. "Dalali wa nyumba alipiga simu jana. Akasema mnunuzi ana haraka."

"Merle, umefanya nini?"

"Nilikusainia jana, dada."

Nikakaa tena. Birika likaanza kupiga mluzi, na hakuna aliyelitoa. Nikatoa simu, nikampigia Pengelly nyumbani kwake. Nilimsikia akitafuna; alikuwa mezani. Nilipomaliza kusema, aliacha kutafuna.

"Kwa sheria yetu ya hapa muuzaji hana pa kutokea," akasema. "Akishasaini, kasaini. Mnunuzi peke yake ndiye mwenye siku mbili za kazi za kujifikiria. Kama ni jana, ana mpaka Jumatatu jioni. Akijitoa, mkataba unakufa, unasaini upya Julai. Mtafute, Glenys. Mpigie magoti. Ni nani?"

"Kampuni," nikasema. "Ya Adelaide."

"Kampuni ina mwenyewe. Muulize aliyesaini."

Nikashusha simu.

"Mwenye kampuni ni nani, Merle?"

Hakuhitaji kujibu. Mlango wa nyuma ulifunguliwa bila hodi, mtu akafuta viatu kwenye mkeka kama aliyezoea, akatundika koti kwenye msumari ambao nadhani aliupigilia mwenyewe. Clive aliingia na kifurushi cha chopsi, akakiweka mezani kati yangu na mdogo wangu.

"Hazikupata mshindi mwingine," akasema. "Tiketi ya mwisho ilikuwa yangu."

Kisha akavuta kiti akakaa karibu nami, karibu mno, nikasikia harufu ya bia na kondoo.

"Nimekusikia toka nje, Glen, unamtafuta mnunuzi."

"Jitoe, Clive. Nakuomba." Neno hilo lilinitoka kama mwiba wa samaki. Lakini nililitoa, kwa ajili ya nyumba ya mama.

"Naweza. Jumatatu asubuhi, sahihi moja, kwisha habari. Kibanda chako, nafasi zako, nyumba yako." Akanishika mkono. Vidole vilikuwa bado na mafuta. "Hata ile nusu yangu sitaidai. Nina sharti moja tu. Nirudi nyumbani."

"Urudi wapi?"

"Nyumbani, Glen. Mimi na wewe, kama zamani. Unafikiri nilihangaika yote haya kwa sababu ya matofali? Mtu haokewi pasti mwaka mzima na mwanamke asiyemtaka."

Nilidhani nimeshafika mwisho wa kinyaa jioni ile. Nilikuwa sijafika. Shukrani yangu, unga wangu, alfajiri zangu, yeye alikuwa amevila vyote akiamini ni posa.

Nikauchomoa mkono nikaufuta kwenye sketi.

Upande wa pili wa meza, Merle alikuwa amesimama. Sikumwona akilitoa birika motoni, lakini alikuwa nalo mkononi, na rangi yote ilikuwa imemtoka usoni.

"Clive," akasema, "na nusu yangu?"

"Tutaongea, Merle."

"Uliniahidi kwenye meza hii hii."

"Nimesema tutaongea. Mimina chai."

Hakumimina. Aliliweka birika chini taratibu, akavua aproni, akaikunja. Halafu akaniangalia mimi, si yeye, na kwa mara ya kwanza tangu mama afe niliona macho yetu wawili yamejaa kitu kimoja.

"Dada, usimjibu kwanza," akasema. "Kuna jambo kuhusu ile sahihi ya jana ambalo hata yeye halijui."